Rituksimabu inategemea seli NK. Sasa kwa nini mama anapewa steroidi nusu saa kabla ya dripu?

#1 Mtoto_wa_Kilosa

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa kinga ya mwili mnisaidie, kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumanne.

Mama yangu ana miaka 63. Amegundulika na limfoma ya seli B (saratani ya chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili), ile ya seli kubwa, na ameanzishiwa R-CHOP, mchanganyiko wa dawa za saratani, mizunguko 6, kila baada ya siku 21. Hiyo R ni rituksimabu. Nimesoma usiku kucha na nilichoelewa ni hiki: ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani. Mikono yake inaishika protini iitwayo CD20 juu ya seli B, mkia unabaki unaning'inia nje. Zinakuja seli NK, zile chembe nyeupe za damu zinazoua bila kusubiri kufundishwa. Zina kipokezi kiitwacho CD16, kinaushika ule mkia, NK inamwaga perforini na granzaimu, seli ya saratani inatobolewa na kufa. Kwa hiyo dawa inaonyesha kidole tu. Anayeua ni NK ya mgonjwa mwenyewe.

Sasa siku ya kwanza nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Nesi alikuja na trei: Panadol mbili, Piriton ya sindano, haidrokotisoni 100 mg, ambayo ni steroidi. Nusu saa ikapita ndipo dripu ikafunguliwa, 50 mg kwa saa. Pamoja na hayo yote, kwenye saa moja na kitu mama akaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa baridi ya kawaida, kitanda kilikuwa kinagonga ukuta. Homa ikapanda hadi 39.1. Wakafunga dripu, wakamwongezea haidrokotisoni nyingine, wakasubiri ikatulia, wakaanza upya taratibu. Tulitoka pale saa 2 usiku.

Halafu kwenye hiyo CHOP kuna prednisoloni, steroidi nyingine, 100 mg kila siku kwa siku 5.

Swali langu: steroidi si ndiyo dawa ya kulaza kinga? Unamwita askari, akifika mlangoni unampa dawa ya usingizi. Dawa yenyewe tumeuza shamba kuilipia. Nani ananielewesha?

#2 Jogoo_la_Shamba

Pole sana mkuu, mama apone. Naweka kambi hapa.

#3 Dawa_na_Kipimo

Mkuu, mimi ni mfamasia. Swali lako ni la maana na hata mabingwa wanalijadili. Naanza na hesabu ya muda, maana ndiyo imesahaulika kwenye hofu yako.

Haidrokotisoni ya sindano nguvu yake inakwisha ndani ya nusu siku hivi. Prednisoloni anameza siku 5. Rituksimabu inapungua hadi nusu baada ya takriban wiki 3, na mabaki yake yanaonekana kwenye damu miezi 3 hadi 6 baada ya dozi ya mwisho. Kwa hiyo katika mzunguko wa siku 21, zaidi ya siku 15 kingamwili ipo damuni na steroidi haipo. Askari wako akisinzia Jumanne, Jumatatu inayofuata ameshaamka na kazi bado ipo.

La pili: prednisoloni kwenye limfoma si ya kutuliza mzio tu. Yenyewe inaua seli B za saratani. Usije ukamshauri mama aache kuimeza.

#4 Msomi_wa_Mtaa

Daah, tangu wale jamaa wa Cambridge wagundue seli NK mwaka 1975 watu bado wanabishana. Mimi naona hoja ya mleta uzi ina mashiko. Steroidi inapunguza makali ya NK, hilo lipo kwenye vitabu vyote.

#5 Hadubini_Mwanza

Msomi_wa_Mtaa umechanganya mawili kwa sababu ya mwaka. Cambridge mwaka 1975 Köhler na Milstein waligundua namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi, wakapewa Nobel mwaka 1984 pamoja na Jerne. Seli NK zilielezwa mwaka huohuo 1975, lakini Stockholm, kwenye taasisi ya Karolinska, na Kiessling, Klein na Wigzell. Marekani kulikuwa na Herberman naye. Silaha na mpiga silaha walizaliwa mwaka mmoja katika nyumba mbili zisizojuana. Ikapita miaka 22 hadi rituksimabu ikaidhinishwa Marekani, Novemba 1997.

Turudi kwa mama. Kwenye maabara, ukiweka NK na deksamethasoni, steroidi kali, kwenye bomba moja, mauaji yanapungua, ni kweli. Ila mwili si bomba. Na kwa nini mnailaumu steroidi peke yake? Siklofosfamidi iliyo ndani ya hiyo CHOP inapunguza chembe nyeupe za kila aina, NK zikiwemo. Mbona hiyo hamuiogopi?

#6 Msomi_wa_Mtaa

Nimekubali kusahihishwa kuhusu Cambridge. Kuhusu steroidi bado.

#7 Bint_Unguja

Assalaam alaykum. Mimi nesi, nipo Muscat mwaka wa tisa sasa, wodi ya dripu za saratani. Rituksimabu naifunga karibu kila wiki.

Mtoto wa Kilosa, ule mtetemeko uliouona ndiyo hizohizo seli zako za NK kazini. Mwaka 1996 watafiti wa Uingereza waliuchunguza mtetemeko wa dozi ya kwanza ya kingamwili nyengine, alemtuzumabu. Wakaona NK zinashika mkia kwa CD16, halafu zenyewe zinamwaga saitokini, zile kemikali za kupiga mbiu, na mbiu ndiyo homa na huo mtetemeko. Kwa hiyo mama yako alipotetemeka, mbiu ilikuwa imeshapigwa juu ya ile haidrokotisoni ya kwanza. Hazikulala.

Na steroidi tunaipa kwa sababu mbiu ikizidi mtu anashuka presha, anakosa pumzi, anaweza kufa mikononi mwetu. Hilo nimeliona kwa macho yangu, sitaki kuliona tena.

Wanangu, na jambo dogo: ukiona nesi analigeuza begi la dripu polepole kama anambembeleza mtoto, usimharakishe. Likitikiswa linafanya povu na kingamwili inaharibika.

#8 Mtoto_wa_Kilosa

Bint_Unguja ahsante sana dada. Kwa hiyo kutetemeka ni dalili njema? Kwamba anayetetemeka zaidi anapona zaidi?

#9 Bint_Unguja

La, usende mbali hivyo. Anayetetemeka sana mara nyingi ni yule mwenye seli B nyingi zinazozunguka kwenye damu. Ni wingi wa shabaha, si ubora wa mpigaji. Wapo wangu wasiotetemeka hata kidogo na wakapona.

#10 Dkt_wa_Kata

Nimesoma yote. Jamani, mnajenga nyumba nzima juu ya NK na hamjauliza kama kweli NK ndiyo muuaji mkuu.

Kwa panya, mwaka 2000 Clynes na Ravetch kule New York waliwaondolea panya vipokezi vinavyoshika mikia ya kingamwili, na rituksimabu na trastuzumabu (kingamwili ya saratani ya matiti) zikapoteza sehemu kubwa ya nguvu. Sawa, mkia una maana. Lakini mkia hushikwa pia na makrofaji, zile seli zinazomeza. Mwaka 2004 kundi la Tedder, chuo cha Duke, lilionyesha kwamba panya asiye na NK bado anasafishwa seli B, ila ukimwondolea makrofaji usafi unakwama. Baadaye watu wakapiga picha ini la panya aliye hai, wakaona makrofaji wa kwenye ini wanazidaka seli B zilizopakwa kingamwili zikipita na damu, wanazimeza.

Halafu kuna komplementi, protini za kwenye damu zinazotoboa seli zenyewe bila msaada wa seli yoyote. Na hapa kuna mgongano: komplementi ikijipaka juu ya seli, inaziba ule mkia na NK inashindwa kuushika. Wauaji wawili wanagombea mlango mmoja.

Mimi msimamo wangu: ini na wengu ndiko vita iliko. NK mnaipa sifa kwa sababu ni rahisi kuipima kwenye bomba.

#11 Hadubini_Mwanza

Daktari, panya si mtu. NK wa panya hana CD16 ya aina tuliyo nayo sisi, vipokezi vyao vimepangwa tofauti. Ukitaka ushahidi wa binadamu huu hapa.

Mwaka 2002 Cartron na wenzake kule Tours, Ufaransa, walichukua wagonjwa 49 wa limfoma ya folikuli, aina nyingine ya limfoma ya seli B, waliopewa rituksimabu peke yake, bila kemo. Gene ya CD16 ina maumbo mawili, V na F, tofauti ya asidi amino moja tu kwenye nafasi ya 158. V inashika mkia kwa nguvu zaidi. Wenye V kwa baba na mama: baada ya mwaka mmoja asilimia 90 walikuwa wameitikia dawa. Wenye F hata moja: asilimia 51. Ukiona pengo hilo huwezi kuniambia NK ni mtazamaji.

#12 Dkt_wa_Kata

Umesema mwenyewe: bila kemo. Utafiti wa PRIMA ulipoangalia gene hiyohiyo kwa wagonjwa waliopewa rituksimabu pamoja na kemo, tofauti haikuonekana. Na hiyo CD16 makrofaji nao wanayo, kwa hiyo gene haikuambii ni seli gani iliyofanya kazi.

#13 Jogoo_la_Shamba

Hawa wawili wakutanishwe kahawani. Mtoto wa Kilosa, umesoma usiku mmoja umeamsha maprofesa.

#14 Mwanamji_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mie si daktari. Shangazi yangu ana saratani ya matiti, ile yenye protini ya HER2 nyingi juu ya seli, yuko kwa trastuzumabu, watu wanaiita Herceptin. Walimpa ile ya kudungwa chini ya ngozi ya paja, miligramu 600, haizidi dakika tano imekwisha. Kila miezi mitatu apigwa picha ya moyo kwa sababu dawa hii yaweza kuuchosha moyo.

Swali langu: na hiyo nayo yategemea NK? Maana kila mara kabla ya paklitakseli, dawa yake ya kemo, alikuwa apewa deksamethasoni.

#15 Hadubini_Mwanza

Mwanamji, ndiyo, ila ina njia mbili. Trastuzumabu inaizuia HER2 isipeleke amri ya kukua ndani ya seli, hiyo haihitaji NK hata moja. Na mkia wake unaziita NK pia. Ufaransa walikata vipande vya uvimbe baada ya dozi wakakuta NK zimejaa ndani kuliko kabla. Habari ya V na F kwa trastuzumabu imeyumba: utafiti mdogo wa 2008 uliiona, mkubwa uliofuata haukuiona. Mwambie shangazi asiache kipimo cha moyo.

#16 Mizizi_Asilia

Ndugu zangu mnahangaika na vizungu. Mlonge, tangawizi, kitunguu saumu na asali vinapandisha NK. Mama apewe kikombe asubuhi na jioni.

#17 Dawa_na_Kipimo

Mizizi_Asilia, najua unasema kwa upendo. Lakini huyu mama ini lake linachakata vinkristini na siklofosfamidi wiki hii. Akipewa dawa za mitishamba zilizokolea ambazo daktari hajui, vipimo vya ini vikipanda tutashindwa kujua tulaumu nini. Tangawizi ya kwenye chai hakuna shida. Dozi ya kikombe asubuhi na jioni, hapana.

Tukiwa kwenye ini: Mtoto wa Kilosa, mama alipimwa homa ya ini B kabla ya dripu? Vipimo viwili, cha antijeni na cha kingamwili ya kiini. Rituksimabu ikifagia seli B, kirusi kilicholala miaka 30 kinaweza kuamka na kulimaliza ini. Kwetu huku wenye kirusi hicho ni wengi. Hili ni kubwa kuliko mjadala wote wa steroidi.

#18 Mtoto_wa_Kilosa

Alipimwa kimoja tu, nimeangalia kwenye faili. Kesho asubuhi naenda kuomba hicho cha pili. Ahsante mkuu, kwa kweli ahsante.

#19 Baba_Neema_Arusha

Wakuu, mimi niwape kioja kinachowagusa wote. Kaka yangu ana mailoma, saratani ya uboho wa mifupa, anatumia kingamwili iitwayo daratumumabu. Hiyo inashika protini iitwayo CD38. Sasa NK zenyewe zinavaa CD38! Dawa inazipaka NK, NK zinauana zenyewe kwa zenyewe. Vipimo vyake NK zilishuka karibu zote baada ya dozi za mwanzo. Na mailoma imerudi nyuma, mgongo hauumi, anatembea.

Kama NK ndiyo muuaji, kaka yangu amepona kwa nani?

#20 Dkt_wa_Kata

Baba Neema, umesema vizuri kuliko mimi. Kwenye tafiti za daratumumabu, kushuka kwa NK hakukubadili nani anapona na nani haponi. Makrofaji, wakuu. Makrofaji.

#21 Hadubini_Mwanza

Au NK zilifanya kazi siku za mwanzo kabla hazijaisha. Au daratumumabu iliondoa pia seli zile zinazoizuia kinga, kwa kuwa nazo zina CD38, na seli T, wauaji wengine wa kinga, zikapata nafasi. Si makrofaji peke yake.

Baba Neema, nakuomba kitu kimoja mimi mtu wa maabara. Chembe nyekundu za damu nazo zina CD38 kidogo. Kaka akihitaji kuongezewa damu, kipimo chetu cha kulinganisha damu kitaonyesha kila chupa haimfai, na hali hiyo inaweza kuendelea hadi miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Tuna namna ya kuosha chembe kwa kemikali ya DTT ili tuone ukweli, ila lazima tujue kwamba anatumia dawa hiyo. Andikeni kwenye karatasi ngumu, akae nayo kwenye pochi.

#22 Baba_Neema_Arusha

Hadubini! Mwezi wa tatu tulisubiri damu siku nzima, kila chupa inakataa, hatukuambiwa sababu. Nimekaa nimeshika kichwa hapa. Naandika hiyo karatasi sasa hivi.

#23 Msomi_wa_Mtaa

Nimetulia nimesoma, naongeza kitu ambacho hakijasemwa. NK ikishashika mkia na kuua, inaikata CD16 yake yenyewe kwa kimeng'enya kiitwacho ADAM17. Kipokezi kinadondoka. Wengine wanasema hapo NK imevuliwa silaha, na ukizidisha kingamwili unazichosha. Wengine, mwaka 2018, wakaonyesha kinyume: kukata ndiko kunakoiachilia NK kutoka kwenye maiti ili iende kwa adui mwingine. Asingekata, angebaki ameganda palepale.

Hadubini, hapa nimekosea?

#24 Hadubini_Mwanza

Hapa hujakosea hata neno. Safi sana.

#25 Kampala_Mwalimu

Nami nichangie kutoka Kampala. Ni hapa Mulago ambapo Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, nao ni limfoma ya seli B yenye CD20. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2020, watoto 328: walioongezewa rituksimabu asilimia 93.9 walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi, wasioongezewa asilimia 82.3. Makundi yote mawili yalipewa steroidi ndani ya kemo yao. Naomba mleta uzi aangalie hapo.

Kinachoniuma ni kwamba watoto wa ugonjwa uliopewa jina hapa kwetu ndio wa mwisho kuipata hiyo dawa, ilhali imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2015.

#26 Dawa_na_Kipimo

Kampala_Mwalimu umenitangulia, maana ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta. Kwa limfoma ya mama wa Kilosa upo mfano wa karibu zaidi: utafiti wa GELA, Ufaransa, 2002. Wagonjwa 399, umri miaka 60 hadi 80, yaani rika la mama. Nusu CHOP, nusu R-CHOP, wote steroidi ileile. Uvimbe kuisha kabisa: 63 kwa mia dhidi ya 76 kwa mia. Steroidi ilikuwepo na R bado iliongeza.

#27 Msomi_wa_Mtaa

Hiyo inaonyesha R inasaidia ikiwa na steroidi. Haionyeshi kwamba isingesaidia zaidi bila steroidi.

#28 Dkt_wa_Kata

Hapo umenibana, nakubali. Ila nawe jibu hili: obinutuzumabu, kingamwili nyingine inayoshika CD20. Walipunguza sukari ya fukosi kwenye mkia ili CD16 iushike kwa nguvu zaidi. Kama NK ndiyo kila kitu, ingeishinda rituksimabu kila mahali. Kwenye limfoma ya folikuli, utafiti wa GALLIUM, iliishinda. Kwenye limfoma ya mama huyu, utafiti wa GOYA, wagonjwa 1418, haikuishinda.

#29 Hadubini_Mwanza

Basi jibu la folikuli si jibu la seli kubwa. Magonjwa mawili, huenda na wauaji wawili.

#30 Mtoto_wa_Kilosa

MREJESHO.

Wakuu, jana mzunguko wa pili. Kipimo cha pili cha homa ya ini B kimerudi hasi, Mungu mkubwa. Nilimuuliza daktari maswali yenu yote, nikiwa nimeyaandika kwenye daftari. Akacheka, akaniuliza nasoma chuo gani. Akasema hawapimi NK ili kuamua dozi, na kwamba haidrokotisoni ataendelea kuitoa.

Dripu ilianza 100 mg kwa saa badala ya 50. Nilikaa nimeshika mkono wa mama nikisubiri kutetemeka. Saa moja. Saa mbili. Mama akaniambia niuachie mkono, unamwuma. Hakutetemeka kabisa. Tezi ya shingoni iliyokuwa kama yai la kuku, sasa hivi naitafuta kwa vidole, nakuta kitu kama punje ya harage.

Bint_Unguja, nesi alilibembeleza begi kama ulivyosema.

#31 Bint_Unguja

Alhamdulillah! Hakutetemeka kwa kuwa zile seli B za kwenye damu zimeshafagiwa. Akila vizuri muulize anatamani nini, mpikie hichohicho.

#32 Dkt_wa_Kata

Zimefagiwa na makrofaji.

#33 Hadubini_Mwanza

Na NK.

#34 Mtoto_wa_Kilosa

Ametamani mlenda na ugali wa dona. Yuko jikoni anaelekeza kwa fimbo, anasema naupika vibaya.